Grafu nne, kipimo kimoja: nililojifunza Kianda

Majuzi nilisimama mbele ya wakazi wa Kianda, upande wa magharibi wa Kibera, jijini Nairobi, nikiwa nimebandika grafu nne ukutani. Kila moja ilionyesha bei ya mtungi wa maji wa lita 20 katika kijiji kimoja: Kianda, Gatwekera, Lindi na Silanga. Mama mmoja akauliza, "Mwanangu, kwa hivyo sisi na Lindi bei imepanda sawa?"

Nikatazama, nikaona haya. Mistari miwili ilipanda kwa mwinuko uleule. Lakini Kianda bei ilitoka shilingi 5 hadi 6, na Lindi ilitoka 5 hadi 10. Namba zilikuwa sahihi, mchoro ndio uliodanganya.

Kosa lilikuwa langu. Nilichora kwa lugha ya Python nikitumia Matplotlib, ambayo mwanzilishi wake, John Hunter, aliitoa mwaka 2003. Usipoielekeza, huvuta mhimili wa wima wa kila grafu mpaka mstari ujaze nafasi. Ndivyo shilingi moja ya Kianda ilivyopata urefu wa shilingi tano za Lindi.

Dawa yake ina sehemu mbili, na wengi huzichanganya.

Ya kwanza ni sura: rangi, unene wa mistari, ukubwa wa herufi. Usirudie kuyaandika kwa kila grafu. Yaandike mara moja, kabla ya kuchora chochote:

plt.rcParams["font.size"] = 14

Kuanzia hapo grafu zote zitafuata. Mkiwa kikundi, wekeni mipangilio hiyo katika faili moja, kila mmoja aiite kwa plt.style.use.

Ya pili ni kipimo, na hapa rcParams haitakuokoa. Grafu zikiwa kwenye karatasi moja, andika:

fig, axs = plt.subplots(2, 2, sharey=True)

Hiyo sharey=True ndiyo inayozilazimisha zote nne kutumia mhimili mmoja wa wima. Kama kila grafu ni picha ya peke yake, ipe kila moja mipaka ileile, mfano set_ylim(0, 12). Ila usilazimishe kipimo kimoja kwa vitu tofauti: bei ya maji na idadi ya vyoo havikai kwenye mhimili mmoja.

Kibera inajua uzito wa namba. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 170,070, ilhali wengi walishazoea kusikia milioni moja. Mwaka huohuo vijana wa mtaa, kupitia Map Kibera, walianza kuchora ramani yao wenyewe kwenye OpenStreetMap. Watu waliochoka kuhesabiwa vibaya hawastahili pia kuchorewa vibaya.

Nilirudi na grafu mpya. Mstari wa Kianda ulikuwa karibu umelala, wa Lindi umesimama. Yule mama akaguna, "Kumbe wenzetu ndio wanaoumia."

Nasi wa Pwani, tukiletewa grafu za Likoni, Kisauni na Changamwe barazani, tusikimbilie kutazama mstari upi umepanda. Kwanza tusome namba za pembeni, tuulize kama kipimo ni kimoja.