Maneno matano ya Michigan na asali ya Kibondo

Kijana wa kidato cha sita huko Kasulu anauliza: akisoma saikolojia, ataweza kufanya kazi ya masoko, au ndiyo atakuwa amejifunga kwenye ushauri nasaha? Ataweza. Mwaka 1920 mwanasaikolojia John B. Watson alilazimika kujiuzulu Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kwa kashfa ya mapenzi, akaajiriwa na kampuni ya matangazo ya J. Walter Thompson, New York. Kabla ya kupewa meza alitumwa kuuza kahawa na kusimama kaunta katika duka la Macy's. Kufikia 1924 alikuwa makamu wa rais wa kampuni.

Historia iishie hapo. Kinachonisisimua ni maneno matano: kadirga, saricik, biwonjni, nansoma, iktitaf. Wanasaikolojia Robert Zajonc na D. W. Rajecki waliyachapisha, bila maelezo yoyote, kwenye magazeti ya wanafunzi ya vyuo vikuu viwili vya Michigan; neno moja mara 1, jingine hadi mara 25. Lililotokea sana gazeti hili lilitokea kwa nadra gazeti lile. Baadaye wanafunzi wakaulizwa: neno hili lina maana nzuri au mbaya? Waliloliona zaidi ndilo walilolidhania zuri. (Nansoma ingepata alama za bure kwetu.) Matokeo yalitoka 1969.

Hali hii ya kupenda tulichokiona mara nyingi naiita athari ya kuzoeleka. Kuiita "athari ya mazoea" kunanikera, kunanuka uvivu na tabia mbaya.

Kusoma neno geni ni kama kupita porini kwenda shamba jipya. Mara ya kwanza nyasi zinafika kiunoni, umande unalowesha, unapapasa usije ukakanyaga nyoka. Mara ya pili nyasi zimelala kidogo. Ya kumi, mguu unakwenda wenyewe nawe unawaza bei ya maharage. Ya ishirini na tano unamwambia mgeni, "Pita huku, njia hii nzuri." Huenda ndiyo ndefu kuliko zote, ila wepesi wa mguu wako umeuhesabu kuwa uzuri wa njia. Ubongo nao hufanya hivyohivyo: jicho likiteleza, sifa hupewa kinachotazamwa.

Sasa itazame asali ya Kibondo. Gulioni leo imo kwenye chupa ya maji, wiki ijayo kwenye chupa ya konyagi, kisha kwenye dumu, na kote haina lebo. Tamu ni tamu, lakini jicho la mnunuzi linaanza upya kila mara. Kabla ya kaulimbiu yoyote, mwanasaikolojia angedai chupa moja, rangi moja na jina moja, miezi mfululizo, na jina hilo lirudiwe Radio Kwizera, inayosikika huko kutoka Ngara. Kampuni za simu zinalijua hili. Ndiyo maana hupaka kuta za maduka rangi zao. Ukizidisha, watu hukereka, na asali iliyochakachuliwa haiokolewi na lebo.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya elimu katika saikolojia. Chuo cha Elimu ya Biashara kinafundisha masoko. Anza na saikolojia, mdogo wangu, na likizo ukae kaunta kama Watson.