Vidonge vya Ijumaa

Kwa mama anayeuza chapati na maandazi alfajiri, ugonjwa huu huanzia kwenye unga. Juzi alikanda kilo mbili bila kufikiri. Leo vidole vimegoma kukunjika na pete ya ndoa haivuki kifundo. Anachovya mikono kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na kungoja. Ikifika saa nne vidole vimelegea, anageuza chapati na kutaniana na wateja kama kawaida. Mchana mawifi wana lao la kusema: alfajiri alikuwa mgonjwa, saa hizi anacheka, kazi tu haitaki.

Mawifi hawajui kwamba saa hizo wanazozihesabu ndizo dalili yenyewe. Kiungo kilichosagika kwa umri au uzito huuma zaidi kadiri kinavyotumika, na kikipumzishwa hutulia. Huu ugonjwa mwingine huenda kinyume. Viungo hukaza mtu akiwa amepumzika na hulegea akianza kujishughulisha, na huko kukakamaa kwa asubuhi huchukua zaidi ya nusu saa, mara nyingi saa nzima na ushei. Madaktari huuita athritisi ya rumatoidi. Mtaani ni baridi yabisi, au yabisi baridi kwa wengine, na jina hilo limewapotosha wengi.

Baridi na yabisi ni maneno ya tiba ya kale, ile ya Wayunani iliyopokelewa na Waarabu kisha ikafika pwani yetu. Kwa tiba hiyo mwili una joto au baridi, una umajimaji au ukavu, na mizani ikiinama mtu huugua. Jina limedumu pamoja na ushauri wake: usilale sakafuni, usioge maji ya baridi, usinawe ukitoka kupiga pasi. Chini ya jina hilo moja wamekusanywa wagonjwa wasiofanana. Yumo mzee aliyesagika magoti, mwenye jongo la kidole gumba cha mguu, hata mtoto mwenye homa inayoharibu vali za moyo. Dawa ya mmoja haimfai mwingine, na pengine humdhuru.

Katika rumatoidi baridi haina hatia. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, huugeukia utando laini unaofunika kiungo kwa ndani. Utando huvimba, huwa mnene, kiungo hujaa maji na kupata joto, na usipodhibitiwa huanza kula gegedu na mfupa. Mara nyingi ugonjwa hushambulia mikono yote miwili kwa pamoja, kwenye vifundo vinavyounganisha vidole na kiganja, vile vya katikati ya vidole, na vifundo vya mikono. Vile vya karibu na kucha kwa kawaida huachwa. Uchovu huja nao, tena uchovu usioisha kwa usingizi, na damu hupungua. Baadhi ya wagonjwa huathirika mapafu, macho na mishipa ya moyo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 18 waliishi na ugonjwa huu, takribani asilimia 70 wakiwa wanawake.

Moja ya njia za daktari kuushuku ni kukibana kiganja kutoka pembeni, pale kwenye vifundo vya vidole, kama mtu anayepeana mkono kwa nguvu. Mwenye rumatoidi huruka. Katika jamii ambayo salamu bila mkono haijakamilika, mgonjwa hujifunza kujihami mapema. Hubeba mkoba kwa mkono wa kulia, husalimia akiwa mbali, huinamisha kichwa. Wasiojua humwita mwenye maringo.

Kituo cha kwanza cha wengi ni duka la dawa. Hapo hupatikana diklofenaki au ibuprofeni, na kwa kweli maumivu hupungua. Tatizo ni kwamba dawa hizi hutuliza uvimbe na maumivu tu, ilhali ule utando unaendelea kula mfupa. Mgonjwa anayezimeza kila siku kwa miaka miwili huweza kufika hospitali na vidonda vya tumbo, figo zilizochoka, shinikizo la damu lililopanda, na vidole vilivyokwisha kupinda. Kidole kilichopinda hakinyooshwi na kidonge chochote.

Kituo cha pili ni hatari zaidi. Ni ile “dawa ya asili” ya unga au vidonge visivyo na jina, inayomwamsha mtu kitandani kwa siku mbili. Miujiza ya siku mbili itiliwe shaka, kwa sababu kuna dawa moja inayotenda hivyo hasa, nayo ni steroidi. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya mara kadhaa kuhusu bidhaa iitwayo Artri King, iliyouzwa kama lishe ya viungo. Maabara ilikuta ndani yake diklofenaki na deksamethasoni, ambayo ni steroidi kali, na kwenye lebo hakuna lililotajwa. Anayezitumia steroidi kwa muda mrefu bila kujua huvimba uso, hupanda sukari, mifupa yake hudhoofika, na akiziacha ghafla anaweza kuzimia na hata kufa. Steroidi si adui, ieleweke. Daktari huandika prednisoloni kwa dozi ndogo na kwa muda mfupi, imvushe mgonjwa mpaka dawa yenyewe ianze kazi.

Na dawa yenyewe ipo. Hapa ndipo inapofaa kumkumbuka Christiaan Barnard, daktari wa Afrika Kusini aliyepandikiza moyo wa binadamu kwa binadamu mwingine kwa mara ya kwanza, katika Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, tarehe 3 Desemba 1967. Wachache wanajua kwamba alipoushika ule moyo alikuwa mgonjwa wa rumatoidi kwa zaidi ya miaka kumi. Aligunduliwa mwaka 1956 akiwa masomoni Marekani. Mwaka 1983 mikono ilimlazimisha kuacha upasuaji. Miaka mitano baadaye, 1988, Marekani iliidhinisha metotreksati kwa ajili ya ugonjwa huu, nayo mpaka leo ndiyo dawa ya kwanza ambayo wataalamu wengi duniani huanza nayo. Ni ya zamani na ya bei nafuu ikilinganishwa na zilizoifuata, na Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu.

Metotreksati ina tabia mbili ambazo mgonjwa na watu wa nyumbani kwake lazima wazijue kwa moyo. Ya kwanza: hunywewa mara moja kwa wiki. Si kila siku. Kidonge cha kawaida kina miligramu 2.5, hivyo aliyeandikiwa miligramu 15 humeza sita kwa mkupuo, siku moja, kisha hagusi tena mpaka siku hiyo irudi. Wapo waliokufa, katika nchi zenye hospitali za kila namna, kwa sababu tu mtu alisoma “kwa wiki” akaelewa “kwa siku”; uboho uliacha kutengeneza damu. Njia nzuri ni kuifunga dawa kwenye siku isiyosahaulika: Ijumaa baada ya swala, au Jumapili wakirudi kanisani. Foliki asidi, ile ile wanayopewa wajawazito, huandikwa pamoja nayo kupunguza kichefuchefu na vidonda vya mdomo, na kwa kawaida humezwa siku nyingine.

Tabia ya pili ni uvivu wa kuanza. Huchukua wiki sita hadi kumi na mbili kabla mgonjwa hajaona tofauti ya maana, na wengi hukata tamaa wiki ya nne. Kuna pia wanaoitafuta kwenye simu, wakasoma kwamba ni dawa ya saratani, wakaitupa. Ni kweli hutibu saratani, ila kwa dozi kubwa mno kuliko hii. Kwa dozi ya viungo kinachotakiwa ni vipimo vya damu, ini na figo, mara kwa mara mwanzoni kisha kila miezi mitatu hivi, na kuachana na pombe au kuipunguza sana. Mwanamke anayetaka kupata mimba azungumze na daktari miezi kadhaa mapema, kwa maana dawa hii huharibu kijusi. Jambo moja linalosahaulika mno kwetu ni Septrin. Dawa hiyo hununuliwa dukani kwa kikohozi au mkojo kuwasha kama mtu anavyonunua peremende, na ikikutana na metotreksati mwilini inaweza kuangamiza damu. Mgonjwa alitaje jina la dawa yake kila anapoingia duka la dawa.

Metotreksati isipotosha au isipofaa, zipo nyingine. Haidroksiklorokwini ni binamu wa klorokwini, ile chungu iliyowawasha ngozi watu wengi kabla Tanzania haijaiacha kwa malaria mwaka 2001. Kwenye rumatoidi hutuliza kinga iliyopotoka, inaruhusiwa kwa mjamzito, na macho hupimwa ikitumika kwa miaka. Sulfasalazini ilibuniwa Uswidi mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa juhudi za daktari Nanna Svartz, aliyelenga ugonjwa huu huu. Aliyewahi kutoka vipele kwa Fansidar ya malaria au Septrin aseme kabla ya kuimeza, kwa kuwa zote zina salfa. Mara nyingi daktari huchanganya mbili au tatu.

Kisha kuna dawa za kibiolojia, za sindano, zilizotokana na kazi ya Marc Feldmann na Ravinder Maini huko London miaka ya 1990. Huziba njia moja mahususi ya uvimbe, na kwa baadhi ya wagonjwa matokeo yake ni ya kustaajabisha. Bei yake pia inastaajabisha, ingawa matoleo ya bei nafuu yamekuwa yakiongezeka, na mwaka 2019 adalimumabu iliingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa Afrika Mashariki kuna tahadhari ya ziada. Dawa hizi huweza kuamsha kifua kikuu kilicholala mwilini, hivyo kipimo cha TB hutangulia sindano ya kwanza.

Nani wa kuziandika? Swali ni gumu, kwa kuwa madaktari bingwa wa magonjwa haya ni adimu. Katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara hawafiki hata mmoja kwa kila watu milioni moja. Ila mgonjwa hahitaji kumngoja bingwa huyo ndipo aanze. Daktari wa magonjwa ya ndani anaweza kuanzisha metotreksati na kuifuatilia, na huyo hupatikana katika hospitali za mikoa na za rufaa, kama Muhimbili, KCMC na Bugando za Tanzania, au Kenyatta ya Nairobi. Kosa la kawaida ni kupelekwa moja kwa moja kwa daktari wa mifupa. Huyo ni fundi wa kuunganisha na kubadilisha, na kazi yake katika ugonjwa huu huja mwishoni, kama itahitajika.

Vipimo vya kuulizia ni RF na anti-CCP, vinavyotafuta kingamwili za ugonjwa huu kwenye damu, pamoja na ESR au CRP vinavyoonyesha ukali wa uvimbe, na picha ya eksirei ya mikono na nyayo. RF isitukuzwe kupita kiasi. Kati ya wagonjwa watano, mmoja au zaidi huwa hana, na wapo walio nayo kwa sababu ya homa ya ini au umri tu. Daktari makini huvishika vidole kabla ya kusoma karatasi. Kuhusu gharama, Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na Kenya ikaubadilisha mfuko wake wa bima, NHIF, kwa mamlaka mpya, SHA, Oktoba 2024. Sheria si dawa dirishani, hivyo ni busara kuuliza kwa jina kama metotreksati na vipimo vyake vimo kwenye kitita, badala ya kuuliza kama “viungo” vinalipiwa.

Msaada mwingine hauhitaji bima. Mtaalamu wa mazoezi tiba hufundisha kukunja na kunyoosha bila kuumiza, na mazoezi hayo ni sehemu ya tiba. Kulala kutwa huudhoofisha msuli unaokishikilia kiungo. Jikoni kuna ujanja mwingi. Mpini wa mwiko hufungwa kitambaa uwe mnene, ndoo huwekwa kwenye mkunjo wa kiwiko, mfuniko wa chupa ya chai husukumwa kwa kiganja. Khanga ya kufua huzungushwa kwenye bomba, ncha mbili zikashikwa pamoja na kusokotwa kwa mikono mizima badala ya vidole.

Kubwa zaidi ni ratiba ya nyumba. Ugonjwa huu unajulikana saa zake, na familia inaweza kujipanga nazo: mwingine akande unga alfajiri, mama akae kwenye karai kuanzia saa nne. Mume au binti aandike tarehe ya vidonge ukutani. Mtu mmoja amsindikize kliniki na daftari, maana mgonjwa aliyechoka hukumbuka nusu ya alichoambiwa. Mawifi nao wana nafasi.

Ambaye vidole vyake vimevimba zaidi ya wiki sita, na asubuhi vinakataa kufunga vifungo vya shati, asingoje vipinde. Miezi ya mwanzo ndiyo ambayo tiba huokoa viungo vingi zaidi. Aende wiki hii, na abebe kila dawa aliyowahi kununua, pamoja na ule unga usio na jina, aumimine mbele ya daktari bila aibu.