Fahamu: Gesi ya AC yako inaondoka sokoni

Kama una AC ya zamani nyumbani, iwe Mungaa au Singida mjini, soma kibandiko cha mashine ya nje. Kikisema R-22, gesi hiyo hula tabaka la ozoni, na mkataba wa kimataifa uitwao Itifaki ya Montreal unazitaka nchi kama Tanzania ziache karibu kabisa kuiingiza ifikapo 2030. Hulazimiki kuitupa mashine. Lakini tarajia gesi kuadimika.

Marekebisho ya Kigali ya 2016 ya itifaki hiyo yanaibana pia gesi nyingine ya AC, R-410A, inayopasha dunia joto takriban mara 2,000 zaidi ya kabonidioksidi. Gesi ya R-32 ina nafuu, ila hushika moto: fundi asiijaze kwenye mashine ya R-22. Gesi ikipungua, kwanza atafute inapovuja. Gesi haiishi yenyewe.