Mbwa akitoa mate, usimtie mkono kinywani

Katika mikutano ya koperative, Masisi kama Walikale, kuko swali linalorudi: mbwa anakohoa na kutoa mate, ni mafua? Nimpe dawa gani? Wakulima, jibu linategemea unachokiona, na kukosea hapa kunaweza kuua mtu.

Mafua ya mbwa yapo kweli. Aina moja ilitoka kwa farasi ikaonekana kwa mbwa wa mbio huko Florida, Marekani, mwaka 2004. Nyingine ilitoka kwa ndege huko Asia. Mbwa mwenye mafua, ama kikohozi kingine cha kuambukizana, anakohoa, kamasi zinamtoka, ana homa, anapunguza kula. Lakini anakujua, na maji anameza. Mtenge na wenzake, mpe sahani yake peke yake, maji safi na uji, apumzike wiki 2 ama 3. Wengi wanapona. Vidonge vya watu, hasa ibuprofeni, usimpe: vinaharibu tumbo na figo za mbwa. Kamasi zikiwa nzito kama usaha, ama akianza kutetemeka, mwite veterineri.

Sasa kuko mbwa mwingine. Mate yanamwagika, taya ya chini imelegea, sauti imebadilika, anajaribu kumeza anashindwa. Mwenyewe anasema: mfupa umemkwama. Anamfungua kinywa, anaingiza mkono. Huyo anaweza kuwa na kichaa cha mbwa, ile wengi wanaita raji kama kwa Kifaransa. Sisi tunangoja mbwa mkali anayekimbia akiuma kila kitu, na kweli huyo yuko. Lakini huyu mnyamavu, anayejificha nyuma ya nyumba, anapita bila kushukiwa. Mate yake yakigusa mkwaruzo mdogo tu wa mkono, inatosha.

Wafugaji wa Masisi, hii inawahusu pia kwa ng'ombe. Ng'ombe aliyeumwa na mbwa mgonjwa analialia bila sababu, mate yanamtoka, na unafikiri kiazi kimekwama kooni. Usiingize mkono. Asichinjwe, nyama isiuzwe, maziwa yasinywewe. Na nyinyi wawindaji wa Walikale, mbwa akirudi kutoka porini na alama za meno, mfungeni na mwiteni veterineri kabla hajacheza tena na watoto.

Dalili zikisha kuonekana, kwa mbwa ama kwa mtu, hakuna dawa. Nasema wazi juu ya watu wanaotumia pesa kutafuta. Lakini kati ya kuumwa na dalili kuko muda, mara nyingi miezi 2 ama 3, pengine wiki moja, pengine mwaka mzima. Katika muda huo ndipo mtu anaokolewa.

Mtu akiumwa ama akikwaruzwa, osha kidonda palepale kwa maji mengi na sabuni, dakika 15. Dakika 15 ni ndefu, angalia saa ama simu. Sabuni ya kufulia inafaa. Usiweke jiwe nyeusi, wala majani, wala pilipili, wala petroli. Jiwe nyeusi najua lina heshima kwetu. Hata hivyo haliwezi kutoa raji mwilini. Kiisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Kama chanjo haiko hapo, uliza iko wapi katika zoni ya afya, na uende. Chanjo inatolewa mara kadhaa kwa tarehe zinazopangwa. Ukiacha katikati kwa sababu kidonda kimepona, kinga haikukamilika. Kidonda kilichotoboa ngozi kinahitaji pia seramu.

Mbwa aliyeuma, kama anaweza kufungwa bila hatari, asiuawe haraka. Mfunge umtazame siku 10. Akibaki mzima, hakuwa na raji kwenye mate siku ile alipouma. Lakini mtu asingoje siku hizo ndipo aanze chanjo. Muganga ndiye atasema kama isimamishwe.

Na watoto! Shirika la Afya Duniani linasema watu 4 kwa kila 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa wako chini ya miaka 15. Mtoto aliyemchokoza mbwa anaogopa kupigwa, anaficha. Mwambieni mapema kwamba akisema hatapigwa.

Kuzuia ni kuchanja mbwa. Hesabu inayotumika ni mbwa 7 kwa kila 10, kila mwaka: kijijini mbwa 40, mchanje 28 ama zaidi, na watoto wa mbwa wamo. Kuua mbwa wote hakusaidii. Wengine wanaingia kutoka kijiji cha jirani, nao hawana chanjo. Tena kwetu watu wanapokimbia vita mbwa wanabaki bila mwenyewe ama wanafuata msafara mpaka kambini, kwa hiyo hesabu ya mwaka jana haitoshi.

Mtaniuliza chanjo itafikaje Walikale bila frigo. Kanuni ni digri 2 mpaka 8. Lakini utafiti uliofanywa Tanzania ulionyesha kwamba chanjo moja ya mbwa, Nobivac Rabies, bado inafanya kazi hata ikikaa miezi 6 kwenye digri 25, ama miezi 3 kwenye digri 30. Huko huko, mkoa wa Mara, wamejaribu kuihifadhi katika vyungu vya udongo vinavyopozwa kwa maji, bila umeme. Hii si ruhusa ya kubeba chanjo yoyote mfukoni juani, na chanjo ya watu haimo. Ila veterineri akiwaambia haiwezekani juu ya frigo, mwulizeni habari ya hiyo.

Koperative ianze na daftari: jina la mwenye mbwa, mbwa wangapi, tarehe ya chanjo ya mwisho. Likijaa, lipelekeni kwa inspekta wa mifugo wa teritwari, ajue ni dozi ngapi za kuomba.