Solo Kapiga Nani?

Mpenzi wa jazz katika Afrika Mashariki huenda hajawahi kusikiliza jazz ya Marekani hata kwa robo saa, na hilo halimpunguzii kitu. Jazz yake ni Morogoro Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Tabora Jazz, Atomic Jazz na Nuta Jazz. Ni magitaa yanayojibizana, tarumbeta na saksafoni zinazoingia kwa zamu, na waimbaji wawili watatu wanaopokezana. Jina lake la kawaida ni muziki wa dansi, na nyimbo zake za zamani redio huziita zilipendwa. Mpenzi huyo akiwa na umri wa kutosha, nyumbani kwake hakukosi santuri, na Jumamosi jioni ukimuuliza habari za dunia atakujibu kwanza matokeo ya Simba na Yanga.

Neno jazz lilisafiri haraka kuliko muziki wenyewe. Santuri inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya jazz ilirekodiwa Marekani mwaka 1917 na bendi ya wazungu, Original Dixieland Jass Band. Mwaka 1932, miaka kumi na mitano tu baadaye, Dar es Salaam ilikuwa na Dar es Salaam Jazz Band. Bendi iliyojiita jazz siku hizo ilikuwa ikijitangaza kwamba inatumia ala za kisasa na inapiga muziki wa kucheza wawili wawili. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika mambo hayakuwa tofauti. Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, ilipata African Jazz ya Joseph Kabasele mwaka 1953 na OK Jazz ya Franco na wenzake mwaka 1956, na zote mbili zilikuwa za rumba. Kando ya Ziwa Victoria, Shirati Jazz na Victoria Jazz zilipiga benga.

Kilichoingia kwenye magitaa ya bendi hizi kilitoka zaidi Cuba kuliko New Orleans. Kuanzia miaka ya 1930 kampuni ya HMV iliuza barani Afrika santuri za muziki wa Amerika ya Kilatini zilizokuwa na herufi GV kwenye lebo. Vijana waliosikia mlio wake kwenye gramafoni walizikariri nyimbo hizo pamoja na maneno ya Kihispania wasiyoyaelewa, kisha wakatia ya kwao. Salum Abdallah wa Morogoro hakuficha alikochota, kwani bendi yake aliiita Cuban Marimba.

Kupenda bendi kulikuwa kuchukua upande. Desturi hiyo ni ya zamani kuliko magitaa. Kabla ya vita vikuu vya kwanza miji ya pwani ilikuwa imegawanyika katika vyama vya ngoma ya beni, Marini upande mmoja na Arinoti upande mwingine. Kila chama kilikuwa na vyeo vyake na sare zake, na kila kimoja kilitaka mwenzake aaibike hadharani. Mpira ulipokuja uliikuta hali hiyo ikiusubiri. Young Africans, yaani Yanga, ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata ilizaliwa timu iliyopitia majina ya Queens na Eagles, ikawa Sunderland, na mwaka 1971 ikaitwa Simba. Majengo ya klabu hizo, Jangwani na Msimbazi, yako umbali wa kutembea kwa miguu.

Bendi zilipangika hivyo hivyo. Morogoro, mji usio mkubwa, uligawanyika kati ya Cuban Marimba na Morogoro Jazz. Tanga ilikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz kama ilivyokuwa na Coastal Union na African Sports. Baadaye Dar es Salaam ikapata watani wake wa ukumbini, Msondo na Sikinde. Msondo ni ile bendi iliyoanzishwa mwaka 1964 ikiwa Nuta Jazz, chini ya chama cha wafanyakazi, ikabadilika jina kila chama kilipobadilika: Juwata, kisha OTTU. Sikinde ni Mlimani Park, iliyozaliwa mwaka 1978. Majina haya mawili ni ya mitindo, na mtindo kwa bendi ulikuwa kama jezi kwa timu. Western Jazz walikuwa na Saboso, Tabora Jazz Segere Matata, Atomic Kiweke, Jamhuri Toyota, Vijana Jazz Pambamoto. Shabiki hakuwa akisema anakwenda kusikiliza bendi fulani. Alikuwa anakwenda Sikinde.

Hata waajiri walifanana. Polisi, magereza, jeshi la kujenga taifa na mashirika ya umma walikuwa na timu za mpira, na baadhi yao walikuwa na bendi pia. Mwanamuziki alipokea mshahara wa mwezi, ala zilikuwa mali ya mwajiri, na akiondoka aliondoka na sauti yake tu. Ndiyo maana kuhama kwa mwanamuziki kuliitwa kuchukuliwa, na habari zake zilipokelewa kama za usajili wa wachezaji. Muhidin Maalim Gurumo ni mfano ambao kila mpenzi wa dansi anaukumbuka. Alitoka Kilwa Jazz akaingia Nuta mwaka 1964. Mwaka 1978 akawa miongoni mwa walioianzisha Mlimani Park. Mwaka 1985 akaondoka na wenzake kadhaa, akiwemo Hassan Bitchuka, kwenda Orchestra Safari Sound, na baadaye akarudi kwenye bendi yake ya zamani, Msondo, hadi uzeeni. Alifariki mwaka 2014. Mashabiki wa Sikinde waliuchukulia mwaka 1985 kama wana Yanga wanavyomchukulia mfungaji wao anapoonekana Msimbazi.

Mambo haya ndiyo yanayoifanya santuri iwe kitu cha kutafutwa. Santuri ya kawaida ya bendi hizi ina upana wa sentimita 18 hivi, huzunguka mara 45 kwa dakika, na upande mmoja hubeba dakika nne au tano. Ukumbini wimbo mmoja ungeweza kwenda dakika kumi na zaidi. Kwa hiyo wimbo ulikatwa vipande viwili, na lebo ikaandikwa "Sehemu ya 1" na "Sehemu ya 2". Sehemu ya kwanza ina kisa: mke kaondoka, pesa hakuna, rafiki kageuka. Waimbaji wakishamaliza mashtaka yao, sauti hufifia na sindano hufika mwisho wa mfereji. Msikilizaji huinuka, huunyanyua mkono wa sindano, hugeuza santuri kwa kuishika kingo, huishusha tena. Panakuwa na mkwaruzo mfupi, kimya, kisha gitaa la solo linaingia likiwa limekwishachanganya mwendo, besi ikiwa chini yake, na ala za kupuliza zikisukuma. Hicho ndicho wapenzi huita chemko. Si ajabu kukuta santuri ya zamani ambayo upande wa pili umechakaa kuliko wa kwanza.

Santuri za bendi za Tanzania nyingi hazikutengenezwa Tanzania. Nchi haikuwa na kiwanda cha kuzishindilia. Bendi ilirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, wimbo ukabaki kwenye mkanda wa redio, au ilisafiri hadi Kenya ambako kampuni ziliutoa kwenye santuri. Mombasa kulikuwa na Assanand na lebo yao ya Mzuri, Nairobi kulikuwa na Equator na kampuni nyingine kubwa na ndogo. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, njia hiyo ikawa ya matatizo hadi ulipofunguliwa mwaka 1983. Kwa mkusanyaji matokeo yake ni haya: muziki wa Dar es Salaam mara nyingi hutafutwa Nairobi, na nyimbo chungu nzima zilizopigwa redioni kila siku hazikuwahi kuwa santuri.

Lebo ya santuri haisemi mengi. Ina jina la wimbo, la bendi, la mtunzi, namba na jina la kampuni. Haisemi nani aliimba, nani alipuliza saksafoni. Ndipo linapozuka swali ambalo limevunja urafiki wa watu wazima: solo kapiga nani?

Kulijibu ni kazi ya upelelezi. Mkusanyaji huanza na namba, kwa kuwa kampuni ilitoa namba kwa mfuatano na santuri mbili za namba za karibu aghalabu ni za wakati mmoja. Huangalia rangi na maandishi ya lebo, ambayo kampuni ilibadilisha mara kwa mara. Husoma herufi zilizokwaruzwa kwenye plastiki yenyewe, kati ya mwisho wa mfereji na lebo, maana hizo hutambulisha mkato uliotumika kuishindilia. Kisha huleta alichonacho kichwani kuhusu nani alikuwa wapi na lini. Mwimbaji Mbaraka Mwinshehe aliondoka Morogoro Jazz mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano, kwa hiyo santuri ya Morogoro Jazz yenye sauti yake ilirekodiwa kabla ya hapo. Wimbo unaozungumzia Expo 70 haukutungwa kabla ya bendi kujua safari yake ya maonyesho ya Osaka, Japani, mwaka 1970. Na sauti ya Mbaraka haiko kwenye kitu chochote kilichorekodiwa baada ya Januari 1979, alipofariki kwa ajali ya gari nchini Kenya.

Mzee wa mpira akipewa picha ya timu isiyo na tarehe hufanya hesabu hiyo hiyo. Anamwona golikipa fulani, anajua kaja msimu gani. Anamkosa winga fulani, anajua kaondoka lini. Picha inapata mwaka wake bila karatasi yoyote.

Na mpira ndio uliohitaji kumbukumbu za namna hiyo zaidi. Tarehe 1 Juni 1968 Yanga iliifunga Sunderland mabao 5 kwa 0. Tarehe 19 Julai 1977 Simba ikalipa kwa 6 kwa 0, Abdallah Kibadeni akifunga matatu. Asiyekuwa uwanjani siku hizo hakuona kitu. Zanzibar ilipata televisheni mwaka 1973, lakini Tanzania Bara ilikaa bila televisheni hadi mwaka 1994. Mtu alilifahamu bao kwa sauti ya mtangazaji, katika redio ile ile iliyompigia dansi kabla ya mpira kuanza na baada ya kipenga cha mwisho. Vikosi vilikaririwa kwa kusikia kama nyimbo, namba moja hadi kumi na moja. Leo mabao ya Yanga ya Novemba 2023, tano kwa moja dhidi ya Simba, yako kwenye simu ya kila mtu, na hakuna anayebishana nani alifunga la tatu. Ubishi wa mwaka 1977 una utamu zaidi, na huo ni upendeleo wa mtu anayependa vitu vya zamani.

Santuri zilianza kushuka thamani kaseti zilipoenea. Kaseti ilikuwa rahisi, haikutaka mashine nzito, na mtu aliweza kuirudufu mwenyewe. Masanduku ya santuri yakapelekwa stoo, mengine yakawa michezo ya watoto. Waliozithamini mapema walikuwa wakusanyaji wa Ulaya, Marekani na Japani, na nyingi zimeondoka kwa njia hiyo. Nyimbo nyingine zimerudi katika matoleo mapya. Mfululizo wa Zanzibara uliotolewa Ufaransa, kwa mfano, una juzuu la bendi za Tanzania za miaka ya 1960. Nairobi bado kuna maduka na vibanda vya santuri, kikiwemo kile maarufu cha Soko la Kenyatta, ambako mnunuzi husikilizishwa kwanza.

Bei huwashangaza wengi. Wimbo uliovuma ulinunuliwa na watu wengi, kwa hiyo nakala zake bado zipo na si ghali. Ghali ni ule ambao haukununuliwa, wa bendi iliyodumu miaka miwili na kutoa santuri tatu. Hali ya santuri nayo ina uzito wake: iliyokaa baa na kupigwa kwa sindano butu huwa na sauti ya kukaanga samaki, hata kama inang'aa.

Mwenye santuri za marehemu mzee wake uvunguni asizilaze moja juu ya nyingine, maana uzito na joto huzipinda. Zisimamishwe wima kama vitabu, mbali na dirisha lenye jua, kila moja katika mfuko wake. Vumbi lifutwe kwa kitambaa laini kufuata mzunguko wa mfereji, si kwa kukata katikati. Zile nzito za zamani zinazozunguka mara 78 zisipigwe kwa sindano ya santuri za plastiki, kwa sababu mfereji wake ni mpana zaidi na unahitaji sindano yake, na zishikwe kwa mikono miwili: zikianguka sakafuni mara moja, huvunjika kama sahani ya udongo.