Saida Karoli si ‘Chambua kama Karanga’ pekee

Kwenye harusi nyingi za Karagwe na Kyerwa, kuna wimbo ambao ukipigwa hata meza ya wazee husimama. Ni ‘Maria Salome’, ambao wengi tunauita ‘Chambua kama Karanga’.

Wimbo huo wa mwaka 2001 ndio uliomtoa Saida Karoli, binti wa Bukoba, akajulikana nchi nzima na kuvuka mpaka hadi Uganda. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliurudia kwa namna yao katika ‘Salome’, na watoto wetu wakaupokea kama wimbo mpya.

Wengi tumeishia hapo. Saida tunamkumbuka jukwaani: ngoma, mavazi ya asili na kucheza. Maneno anayoyaimba tumeyapa nafasi ndogo.

Anza na ‘Kaisiki’. Kwa Kihaya, ‘omwisiki’ ni msichana. Hiyo ‘ka’ ya mwanzo humfanya awe mdogo, kama tunavyosema ‘katoto’. Kisha sikiliza ‘Orugambo’ wa mwaka 2017, aliporejea baada ya kimya kirefu. Orugambo ni maneno ya watu, na hakuna kijiji kisichoyajua.

Kihaya na Kinyambo si lugha moja, lakini ni ndugu. Bibi wa Nkwenda au Kayanga atazielewa nyimbo hizi bila shida. Mjukuu wake je?

Redio hutangaza kwa Kiswahili, shule hufundisha kwa Kiswahili na Kiingereza, na nyumbani wazazi wengi huongea na watoto Kiswahili. Si vibaya. Ila kwa sisi tunaoandika habari za afya, hasara yake tunaiona zahanati. Bibi anaeleza maumivu yake kwa Kinyambo, kwa kirefu. Mjukuu aliyemsindikiza anatafsiri kwa maneno mawili: “Tumbo linamuuma.” Kama yanachoma au yanakata, yanakuja usiku au baada ya kula, hayo yote yamepotea njiani. Na ndiyo mhudumu aliyoyahitaji.

Wimbo mmoja hautamfanya mtoto kuwa mkalimani, lakini utamfungulia sikio. Jaribuni hivi nyumbani:

• Jioni moja kwa wiki, wekeni wimbo mmoja tu kwenye simu, mketi na bibi au babu.

• Usimamisheni kila mtoto anaposikia neno asilolijua. Aulize: “Hili sisi tunalisemaje?”

• Mtoto aandike maneno matano kwenye daftari. Wiki inayofuata ayatumie kumsalimia bibi na kumuuliza hali yake.

Bibi akianza kubisha kwamba neno fulani Wahaya wanalikosea, na kwamba Kinyambo chenyewe kinasema vingine, zimeni simu mumsikilize. Hapo ndipo somo linapoanza.