Siku ya posho, kikapu mkononi: kwa wamama wa soko ya Goma

Hapa Goma mtu hasemi tu «ninaenda soko». Anasema: ninaenda kwa mama wangu wa sombe, nitapita kwa mama wa viazi, kisha nimuone yule wa sambaza. Ukimuuliza jina la soko atakuambia Virunga, Kituku, Alanine ao Birere, lakini moyoni mwake soko ni watu wanne ao watano wanaomjua, wanaojua watoto wake ni wangapi, na wanaojua hapendi sombe ya kutwanga sana. Sisi wa sendika ya wachimbaji tulio na familia hapa mjini ni vile vile. Tunatoka nyumbani siku ya posho na kikapu, tunarudi na kikapu kimejaa na habari za mji mzima.

Hilo jina tu, siku ya posho, wengi wanalisema bila kufikiri. Ndugu zetu wa Tanzania na Kenya wanasema Jumamosi. Sisi wa Kongo tunasema posho, sababu posho ni chakula ambacho kampuni za wakoloni ziliwagawia wafanyakazi kila juma. Union Minière kule Katanga ilifanya hivyo: unga, maharagi, mafuta, chumvi, kila mtu na kipimo chake alichopangiwa na mzungu wa ofisi. Mke wa mchimbaji hakuulizwa kama anataka maharagi mekundu ao ya manjano. Alipanga mustari, alipokea, alirudi kambini. Kampuni ile imeondoka, mgao umekwisha, jina likabaki kwenye siku. Leo siku ya posho mama anazunguka soko nzima, anashika nyanya, anaiminya kidogo, anairudisha, na hakuna mtu wa kumwambia kitu, isipokuwa mwenye nyanya.

Mji wetu umejengwa juu ya mawe ya volkano. Nyiragongo ilitoka mwaka 1977, ikatoka tena tarehe 17 Januari 2002 na moto ukapita katikati ya mji mpaka ziwani, kisha tarehe 22 Mei 2021. Katika kata nyingi ukichimba nyuma ya nyumba unakuta jiwe jeusi, si udongo. Kwa hiyo Goma inakula kile kinacholetwa. Shu, karoti na pwaro zinashuka kutoka Kibumba. Viazi na ile fromaji ya duara inayojulikana mpaka Kinshasa vinatoka Masisi. Maharagi na mahindi ni ya Rutshuru. Muhogo na ndizi zinatoka Minova na Kalehe, na mananasi yanatoka kisiwani Idjwi. Vingine vinapita Petite Barrière kutoka Gisenyi juu ya vichwa vya wamama. Mwenye kikapu anaweza kujua hali ya barabara zote za Kivu bila kufungua redio: akikuta viazi vimepanda, anajua Masisi kuna jambo.

Anayetaka kuona uzuri wa soko aanzie Kituku, asubuhi sana, kabla jua halijawa kali. Pale mitumbwi na boti zinafika, mizigo inashuka, wabebaji wanaingia maji mpaka magotini wakipiga kelele «chunga! chunga!». Wavuvi wa sambaza wamelala ziwani usiku kucha, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, taa juu ya maji ili samaki wapande. Hizo sambaza zenyewe si za hapa. Zililetwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo mtoto wa Goma hawezi kuamini kwamba babu wa babu yake hakuzijua. Mama anazimwaga juu ya sahani pana, zinang'aa kama vipande vya kioo. Mama wetu wa Kituku ana tabia moja: akikuona unakuja anaanza kuziongeza kabla hujafika, ili ukifika uone aibu ya kukataa.

— Papa wa sendika, kuya! Hizi ni za usiku huu.
— Ni ngapi?
— Wewe kwanza shika. Bei tutasikilizana.
— Mama, mimi nakujua. Sema bei.
— Sasa kama unanijua, mbona unauliza?

Na watu wote wa pembeni wanacheka. Hapo umeshanunua, unajidanganya tu kwamba bado unafikiri.

Kubishana bei ni nusu ya utamu. Lakini kuna adabu yake. Kama mama hajauzisha kitu tangu asubuhi, anakuambia «unifunguliye», na mtu mwenye heshima habishani sana na mama ambaye hajafunguliwa. Kama umeshika kitu, umebisha, naye amekubali bei yako, usikiache na kuondoka. Watakukumbuka mwaka mzima. Na ukishalipa, ndipo inakuja matabishi. Matabishi haiombwi kwa nguvu. Unasimama tu, unaangalia fungu kama mtu aliyesahau kitu. Mama anapumua, anaongeza vitunguu viwili, ao mkono wa lengalenga, anasema: «Ile ni ya mama Aline,» yaani ya mke wetu, ambaye hajawahi kumuona lakini anamsalimia kila juma.

Tunataka kusema neno juu ya kipimo, maana ni jambo linalotugusa sisi watu wa migodi kuliko wengine. Maharagi na unga vinapimwa kwa kile kipimo tunaita murongo. Mama anakijaza mbele yako, anakitikisa ili maharagi yakae, anajaza tena, anaweka kilele juu mpaka punje zinaanza kuteremka zenyewe. Ukiona hakijajaa, unasema «mama, ongeza», naye anaongeza. Jambo dogo. Lakini mwulize mchimbaji wa koltani kama anajua namna hiyo ya kupimiwa. Anatoka shimoni na mfuko, mfuko unapanda juu ya mizani ya mtu mwingine, mtu mwingine anasoma namba, mashine ya mtu mwingine inasema jiwe lina utajiri kiasi gani, na bei imeshapangwa mbali, mahali ambapo hata jina la Rubaya halitamkwi sawasawa. Akisema «ongeza», anaambiwa achukue mawe yake aende. Miaka mingi tumeketi katika mikutano tukidai mizani iwe mbele ya macho ya mwenye kazi. Mama wa maharagi wa soko ya Virunga, ambaye hakusoma sheria ya migodi hata ukurasa mmoja, anafanya kitu hicho kila siku, mara mia kwa siku.

Hatusemi wote ni malaika. Kuna kipimo kilichopigwa tako kwa nyundo ili kiingie ndani. Kuna viazi vikubwa juu ya mfuko na vidogo kama gololi chini. Lakini ndiyo sababu mtu anakuwa na mama wake: ukishakuwa kiliya wa kila juma, viazi vya chini vinaenda kwa wapita njia.

Tangu mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia Goma, urafiki huu ulipata uzito mwingine. Benki zilifunga milango. Uwanja wa ndege ukanyamaza. Mtu aliyekuwa na mshahara wake kwenye konti alibaki anauangalia kwenye simu kama picha ya jamaa aliye mbali. Kutoa pesa kwa ajenti wa simu ikawa kulipa komisyo inayouma. Noti za franka hazikuja mpya, na zile zilizobaki zimepita mikono mingi mpaka zimekuwa laini kama kitambaa. Nyingi zimepasuka, zimebandikwa skochi, na wauzaji wengi wanazikataa. Unaweza kuwa na pesa mfukoni na kulala njaa, sababu hakuna anayeitaka noti yako.

Katika siku hizo ni nani aliyelisha nyumba zetu? Ni wamama hao. «Beba, utanilipa.» Bila karatasi, bila sahihi. Wengine wanaandika kwenye daftari ya shule ya mtoto, wengine wanaandika kichwani tu na hawakosei hata franka mia. Mwanachama mmoja wetu alichukua unga kwa deni juma sita. Noti zilizopasuka, mama wa unga alizipokea kwetu, akazibandika mwenyewe jioni, akatafuta mahali pa kuzipitisha.

Lakini tusidanganyane. Deni hilo mama halitoi kwenye sanduku la serikali. Analitoa kwenye mtaji wake, na mtaji wenyewe mara nyingi ni mifuko miwili ya unga. Yule anayemuuzia kwa jumla kule Birere anataka pesa taslimu, tena safi. Mwenye kukusanya takse ya soko hapokei «utanilipa». Likilimba ya siku ya tano inamngoja na wenzake kumi na wawili. Asipoweka, hatapata zamu yake, na zamu yake ndiyo minervali ya mtoto. Kwa hiyo kila mmoja wetu aliyechelewesha deni lake alikuwa anakula mtaji wa mtu. Tumeona meza za wamama zikipungua: leo mifuko miwili, mwezi ujao mmoja, kisha beseni, kisha mahali patupu na jirani yake anasema tu «hakukuja».

Ndiyo maana katika kikundi chetu tulikubaliana jambo ambalo halimo katika sheria yoyote ya sendika: pesa ikipatikana, hata kidogo, anayelipwa wa kwanza ni mama wa soko. Mbele ya nyumba ya kupanga, mbele ya bia, mbele hata ya mchango wetu wa mwezi. Wengine walinung'unika. Tuliwauliza kama mwenye nyumba aliwahi kuwapa nyongeza.

Kuna mahali patupu pengine ambapo hapakutoka kwa deni. Mwanzo wa 2024, mapigano yalipokata barabara ya Sake kwenda Minova, chakula na watu wakapitia ziwani. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilipinduka mbele ya Kituku, karibu sana na nchi kavu hivi kwamba watu walikuwa wamesimama wanaiangalia. Kituku ililia. Baadaye mizigo ilishuka tena, sababu Goma ilipaswa kula, na waliouzisha waliuzisha kwa sauti ya chini. Mtu anayebishana bei ya muhogo wa Minova akumbuke kwamba siku zile ndani ya bei hiyo kulikuwa na safari ya maji, boti iliyojaa kupita kiasi, na mama ambaye hajui kuogelea.

Kwa yeyote anayetaka kuanza, tunamshauri hivi. Asubuhi ya siku ya posho kuna salongo, milango mingi imefungwa. Kwa hiyo sambaza uzitafute mapema siku ya tano, mengine yafuate baada ya salongo. Beba kikapu chako, usitegemee sashe, inapasukia njiani na nyanya zinaishia chini ya magurudumu ya chukudu. Tafuta noti ndogo tangu katikati ya juma. Usinunue kila kitu kwa mtu mmoja hata kama ana kila kitu. Salimia kabla ya kuuliza bei, uliza watoto wameamka namna gani, na usikilize jibu mpaka mwisho. Mara ya kwanza utalipa bei ya mgeni. Mara ya tatu ataanza kukuwekea pembeni. Na pwaro nzuri za Kibumba, uwahi kabla hazijaisha.